Droo za Madame

Hakuna mtu aliyewahi kunikaribisha na kunifukuza mara nyingi kama Madame. Niko Kasumbalesa kazini, malori yamejipanga kuelekea Zambia, dereva mmoja amenibana kwa maswali kuhusu karatasi zake za forodha, na simu inatetemeka mfukoni: Madame amekuingiza katika kikundi. Kabla sijamjibu dereva inatetemeka tena: Madame amekuondoa. Wenzangu ofisini waliapa kwamba nina mchumba mwenye wivu. Nilipowaambia kuwa ni mwalimu wangu wa darasa la tano, mama mwenye mvi, jirani yetu wa mtaa wa Hewa Bora mjini Lubumbashi, walinihurumia zaidi.

Jina alikuwa nalo, ila halikuwa na kazi. Alikuwa Madame kwa wanafunzi, Madame kwa wazazi wao, Madame kwa mama muuza sombe, kisamvu chetu, na kwa fundi wa viatu. Baba yangu, aliyemzidi umri na asiyeogopa mtu, alimwita Madame huku akivua kofia. Kwa hiyo hapa pia atabaki Madame, maana nikijaribu kuandika jina lake mkono utakataa.

Mambo ya vikundi yalianza alipostaafu. Watoto wake walioko ng'ambo walimtumia simu ya kupapasa yenye ile programu ya kijani ya kutumiana ujumbe, ambayo Lubumbashi nzima inaishi ndani yake. Wengine wanaitumia kwa salamu, mahubiri na picha za maua ya asubuhi. Madame aliviangalia vikundi vile akaona kabati. Alifikiri hivi: kikundi kikiwa na mtu mmoja tu, yaani yeye, basi kila anachoandika humo kitabaki palepale kikimngoja, na hakuna wa kumjibu upuuzi. Kila kikundi alikiita tirwari, yaani droo. Shida ilikuwa moja: simu yake haikukubali mtu afungue kikundi peke yake, ilitaka mtu wa pili. Mtu wa pili nikawa mimi, kwa sababu jina langu linaanza na A na ndilo lililotokea juu kabisa.

Baadaye nilimwonyesha kwamba siku hizi mtu anaweza kufungua kikundi akiwa peke yake. Alinitazama kana kwamba nimeandika herufi kubwa katikati ya neno.

"Tirwari yenye haina shahidi ni ya mwizi," akasema, akaendelea kuniingiza na kunitoa.

Basi niliyajua majina ya droo zake zote, na sikujua kilichomo hata katika moja. Majina yenyewe yalinitosha. Siku Kuran Inakatika na Pasi Iko Moto, kuran ikiwa ni umeme. Siku Mutoto wa Jirani Eko na Homa. Siku Bakwe Banafika Bila Kusema. Siku Nitaombwa Kusali Mbele ya Bantu. Siku Ile Mama wa Kona Atanitukana Tena. Kila jina lilianza na Siku, na mwanzoni nilidhani ni uzee tu.

Nilikuja kuelewa siku moja nikiwa nimeketi kwenye baraza lake, natafuta katika simu yangu picha ya kadi yangu ya uchaguzi. Niseme ukweli, mimi kwa kupanga vitu ni janga. Katika simu yangu, karatasi ya lori la shaba inalala ubavuni mwa keki ya komunyo ya mpwa wangu, na zote mbili hazina jina. Kazini napitisha mizigo ya watu mpakani bila kupoteza hata muhuri, lakini kitu changu mwenyewe nikikiweka ndani ya simu, nimekizika. Madame alinitazama nikipapasa na kupapasa mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Wewe unatafuta kintu na jina yake," akasema. "Jina unaijua leo, mais siku ya shida utaisahau. Usiandike jina ya kintu. Andika shida yenye itakuleta kukitafuta."

Hiyo ndiyo ilikuwa falsafa yake nzima, na sijaisikia kwa mtu mwingine. Dawa aliyoelekezwa na mfamasia hakuiandika kwa jina la dawa. Alisema kwamba mtoto akiwaka homa, hakuna anayekumbuka majina yale marefu. Unachojua ni kwamba mtoto anawaka. Basi unafungua droo ya siku mtoto anapowaka. Kile kioo cha kutafutia kilichoko juu ya simu alikidharau kabisa. Alidai kinafanya kama mtoto aliyetumwa dukani kuleta chumvi akarudi na kila kitu cheupe.

Kuandika kwake kulikuwa tamasha. Alishika simu mbali, mkono umenyooka, miwani imening'inia puani, akiandika kwa kidole kimoja na kusoma kila neno kwa sauti kama anatupa imla. Alama za uandishi pia alizisema, kwa Kifaransa cha darasani. Virgule, yaani mkato. Point, yaani nukta. Tabia hiyo ilikuwa imemwingia mpaka kwenye mazungumzo. Angeweza kukuambia nenda, virgule, lakini rudi kabla ya mvua, point, na wewe ungejua kabisa kwamba baada ya point hakuna mjadala.

Ni tabia hiyo iliyomletea balaa jirani yetu wa upande wa kushoto. Huyu bwana ni mtu wa hapahapa, wa ukoo wa zamani wa upande wa Kipushi, na mtoto wake alikuwa amechumbia msichana wa watu wa Kasai. Jumapili moja wakwe wakafika bila taarifa, wamevaa vizuri, wote wazee. Yule bwana hakujua hata salamu ya Kiluba cha Kasai. Akakimbilia kwenye ukuta unaotenganisha nyumba zetu na kumwita Madame, ambaye ni wa Kasai na ambaye, kama mjuavyo sasa, alikuwa na droo ya siku kama hiyo. Madame akavaa miwani, akafungua, akamsomea polepole, kutoka ng'ambo ya ukuta, salamu ya kuwaamkia waheshimiwa. Bwana akakariri, akajifuta jasho, akaingia sebuleni na kusema mbele ya wazee wote: "Moyo wenu, virgule, bakalenge."

Wazee walicheka hadi mmoja wao akaomba maji. Ndoa ilifungwa, tena bila shida, kwa sababu baada ya hapo hakuna aliyeweza kukaza uso. Mpaka leo wakwe wale wanamwita Papa Virgule, naye anaitika.

Ila msije mkadhani kwamba maisha ya Madame yalikuwa yamepangika. Mganga hajigangi. Ufunguo wa geti lake ulipotea mpaka sisi majirani tukazoea kumpandisha ukutani kama kijana. Simu yenyewe, kabati ya akili zake zote, aliipoteza kila kukicha. Tungeipigia kutoka nyumbani kwetu kisha sote tunanyamaza kusikiliza italia wapi. Imewahi kulia ndani ya ndoo ya unga wa bukari, ugali wetu. Imewahi kulia ndani ya friji, karibu na nyanya, na Madame akasema kwa heshima zote kwamba ilikuwa na joto.

Na ile droo ya mama wa kona, hiyo ndiyo ilinichekesha kuliko zote. Kulikuwa na mama mmoja mwenye ulimi mkali aliyeuza makala, yaani mkaa, kwenye kona yetu, naye na Madame walikuwa na ugomvi wa kudumu kuhusu maji machafu ya barabarani. Madame ni mtu ambaye jibu zuri humjia akiwa tayari ameshafika nyumbani na kuvua viatu. Basi akawa anayahifadhi majibu hayo kwa ajili ya safari ijayo. Safari ijayo ikifika, mama wa makala akitukana, Madame anamwambia, "Ngoja kwanza," anatafuta miwani, anatafuta simu, anafungua droo. Hadi anapopata jibu lenye kustahili, yule mama ameshauza gunia, amesahau kosa, anamuuliza Madame kama ameamka vizuri. Majibu yalizeeka humo bila kutumika. Nilimtania kwamba ana ghala la risasi na hana bunduki. Hakucheka, akaniambia kwamba kinywa kisichojiandaa kinaua.

Sikujua wakati ule kwamba alikuwa anazungumza kitu cha kweli kabisa. Nilikijua kwa sababu ya bahati mbaya, au tuseme kwa sababu ya chungu kilichokuwa kinaungua. Aliniingiza katika droo mpya, nadhani akanusa harufu kutoka jikoni, akakimbia, na akasahau kunitoa. Jina la droo lilikuwa Siku Nitaonana na Yaya.

Yaya, kwetu, ni dada au kaka mkubwa. Yaya wa Madame ni dada yake wa tumbo moja, mama aliyekuwa akifanya biashara ya unga kati ya Zambia na Kipushi, na aliyejenga nyumba yake hukohuko Kipushi. Sisi majirani tulijua kwamba Madame na Yaya hawasemezani tangu mama yao alipofariki. Kipushi si mbali. Unaondoka baada ya chai na unarudi kula bukari ya mchana kwako. Lakini kwa miaka yote ile Madame hakuenda, na Yaya hakuja.

Kwa hiyo nilipoona jina la droo na kuona kwamba sijafukuzwa, nilijiandaa kusoma mashtaka. Nilifikiri sasa nitajua nani alimtenda nani. Jioni ya kwanza Madame akaandika hivi: "Leo padri amesahau mahubiri yake katikati, akatuimbisha mpaka akayakumbuka. Yaya angetoka nje kucheka." Kesho yake: "Binti wa kinyozi ameolewa Likasi, point. Bwana harusi mrefu kuliko mlango wa kanisa." Siku nyingine aliandika kwamba amepika samaki wa tomson kwa namna ya mama yao na chumvi ikazidi, na kwamba Yaya peke yake ndiye angethubutu kumwambia imezidi. Hakukuwa na shtaka hata moja. Kila kitu cha kuchekesha, cha kushangaza au cha bure tu kilichompata, ambacho zamani angempigia dada yake kumweleza, alikiweka pale.

Nilisoma kwa wiki kadhaa na sikusema neno. Nakiri roho iliniuma. Mtu anakusanya umbea wa kila siku kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu huyo anaishi mwisho wa barabara ya lami. Kisha siku moja simu ikatetemeka na nikaondolewa. Jioni yake Madame akaja kwetu na sahani ya viazi vitamu, akaketi, akauliza kama nilisoma. Nikasema nilisoma. Akauliza kama niliona makosa ya kuandika. Nikasema sikuyaona. Akasema vizuri, na hapo ndipo akanieleza habari ya kilio cha mama yao.

Madame ndiye aliyepanga kila kitu katika kilio kile, kwa sababu ndiye aliyejua kupanga. Aliandika programu ya siku ya mazishi: nani ataomba, kwaya ipi itaimba, ujumbe wa kaka yao wa Ubelgiji utasomwa na nani, wajukuu watasimama wapi, wanafunzi wake watakaa wapi. Sasa, kila mtu wetu anajua kwamba mbele ya kaburi mtoto wa kwanza wa marehemu ndiye anayeongea kwanza. Kabla yake hakuna mtoto mwingine anayefungua kinywa. Madame alilijua hilo kuliko wote. Lakini katika programu, jina la Yaya halikuwamo. Hakumfuta, wala hawakuwa wamegombana. Alimsahau tu. Na msemaji wa siku ile, mtu wa kufuata karatasi, akaita ujumbe wa Ubelgiji, akaita wajukuu, akaita kwaya. Yaya alikuwa ameshasimama na maneno yake mdomoni. Akakaa. Mazishi yalipokwisha akavua kitambaa cha kilio alichofungwa begani, akakikunja vizuri, akamkabidhi mdogo wake, na akarudi Kipushi.

"Tangu siku ile siaminie kichwa yangu," Madame akaniambia. "Njo maana minaandika yote."

Nilimuuliza kwa nini asiende tu kuomba msamaha. Akanijibu kwamba haraka haraka haina baraka. Nikamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Akasema bado anapanga maneno. Alipoona sijaridhika akanieleza mpango wake, na nadhani alikuwa anajivunia: Yaya alikuwa bado anatumia kile kisimu kidogo cha vitufe. Siku atakapopata simu ya kupapasa, Madame atamwingiza katika droo ile, na Yaya atasoma yote kuanzia mwanzo, na atajua kwamba hakuna siku ambayo hakukumbukwa. Madame hatahitaji kusema mengi. Aliogopa kusema, huo ndio ukweli. Mtu aliyefundisha nusu ya mtaa kusoma kwa sauti aliogopa kinywa chake mwenyewe mbele ya dada yake.

Mwaka ukapita, na mwingine. Mimi nikaendelea na malori yangu, Madame akaendelea kuniingiza na kunitoa. Halafu akina mama wa kanisa wakaleta habari: mtoto wa kwanza wa Yaya amekuja kutoka Kinshasa kumchukua mama yake, kwa sababu miguu imechoka na hawezi tena kukaa peke yake. Wanapanda ndege Jumatatu. Nyumba ya Kipushi imeshapata mpangaji. Walisema pia kwamba mtoto huyo amemletea mama yake simu mpya nzuri sana.

Kinshasa kwetu siyo safari ya bukari ya mchana. Mama mwenye miguu mibovu akipelekwa kule na watoto, ndiyo imetoka. Mtamwona kwenye picha. Madame alilijua hilo vizuri. Jumamosi asubuhi nilimkuta getini kwetu, amevaa kitenge chake cha Pasaka, simu mkononi, na kuku chini ya kwapa.

Hapo ni lazima niwaeleze. Mdogo aliyemkosea mkubwa wake haendi mikono mitupu, na haendi peke yake. Anakwenda na kuku, na anakwenda na mtu wa tatu asiye wa nyumba yao, ambaye ndiye anayefungua maneno na ambaye haondoki mpaka wote wawili wamesema. Madame hakuniomba niwe mtu huyo. Aliniuliza tu kama gari langu lina mafuta.

Njiani alikuwa anasoma droo yake kutoka mwanzo, midomo ikicheza, na mara mojamoja nilisikia virgule.

Tulimkuta Yaya sebuleni, kwenye kiti chenye mito, masanduku yamesimama ukutani. Alikuwa na uso wa Madame, ila mpana zaidi na usio na miwani. Nikasema yanayosemwa, kwamba mimi ni jirani tu, sina upande, nimemletea mtu wake. Akanitazama, akamtazama mdogo wake kwa muda mrefu, akasema, "Namuona. Mukae, mama." Mukae ile na mama ile zilikuwa zangu, kwa kuwa kwetu kila mwanamke ni mama. Madame alibaki amesimama, akaketi baadaye mwenyewe.

Kisha nikangoja aseme. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake. Badala yake Madame akaomba namba ya ile simu mpya. Yaya, kwa mshangao, akampa. Simu ilikuwa juu ya meza, bado imevalishwa ile karatasi yake ya plastiki. Madame akaandika, akabonyeza, akavuta pumzi.

"Yaya, angalia," akasema. "Yote iko mule. Soma."

Yaya akaichukua simu, akaiweka mbali na macho, mkono umenyooka vilevile kama mdogo wake. "Kunaandikwa Siku Nitaonana na Yaya," akasoma polepole. Akangoja. "Chini haina kintu."

"Panda juu. Vuta na kidole."

Yaya akavuta. Akavuta tena. Madame akainuka kwenda kumwonyesha, na hapo mimi nikaelewa. Ninyi mnaoishi ndani ya ile programu ya kijani mnajua: kwa desturi yake, anayeingizwa leo haoni ya jana. Miaka yote ya padri na kinyozi na tomson ilikuwa mkononi mwa Madame, na mkononi mwa Yaya kulikuwa na chumba kitupu chenye jina mlangoni. Katika upangaji wake wote Madame hakuwahi kulifikiria hilo, kwa kuwa katika droo zake hakuwahi kumwingiza mtu baada ya kuanza kuandika. Nikamweleza kwa sauti ya chini. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

Yaya akairudisha simu mezani. "Donc umeniita mu nyumba yenye iko bule, yenye haina kintu," akasema.

Sikuwahi kumwona Madame vile. Alichukua simu yake, akaanza kujaribu kumtumia ujumbe mmojammoja, akakosea pa kubonyeza. Akajaribu kumsomea, miwani ikaanguka, akainama kuiokota, akainuka bila kuivaa. Kisha akaweka simu kwenye kiti na kusema kitu ambacho naapa hakikuwa katika droo yoyote.

"Yaya, siku ya Mama nilikusahau. Niliandika bantu bote benye niliogopa kusahau. Wewe sikukuandika, juu sikujua kama muntu anaweza kukusahau. Muntu haandike mukono yake kusema iko nayo. Unisamehe."

Nje kuku alilalamika ndani ya gari. Yaya alikuwa anaiangalia ile simu, siyo mdogo wake, na mimi nikaanza kufikiria jinsi ya kurudi Hewa Bora na mama huyu kando yangu na kuku wetu nyuma. Kisha akaunyoosha tena mkono, akaichukua.

"Mama," akaniuliza mimi, "humu mu simu yangu, hakuna mwenye alishaongea?"

"Hakuna, mama."

"Hata muntu moja mbele yangu?"

"Hata moja."

Akatikisa kichwa kidogo. "Alors njo mimi wa kwanza."

Akaniuliza mtu anabonyeza wapi kama hataki kuandika. Nikamwonyesha ile alama ya kinasa sauti, nikamweleza kwamba lazima akishikilie kidole hapo mpaka amalize. Akaketi wima. Akanyoosha kitambaa chake cha kichwani. Akashikilia kidole, na akaongea kwa sauti kubwa ya mahali pasipo na kuta, kama watu wengi wako mbele yake na upepo unavuma.

"Bandugu, bajirani, benye mulitoka mbali. Mimi njo mutoto wa kwanza wa marehemu. Naomba muniachie nimulilie mama yangu na maneno kidogo."

Madame akasimama, mikono mbele, kama tunavyosimama makaburini mkubwa wa watoto anapoongea. Nami nikasimama.